Kolisi ilifika, vikwembe viwili havikufika

Ninaandika habari hii kwa ruhusa ya wamama wawili. Mumoja anakaa Lubumbashi, mwengine Kolwezi. Hawajaonana uso kwa uso hata mara moja, lakini kwa muda wa wiki tatu za mwaka 2024 waliitana mwizi na mwongo. Majina yao sitayataja, maana jina la mumoja wao lilikwisha kutajwa kupita kiasi.

Mama wa Lubumbashi anauzisha vikwembe. (Ndugu zetu wa Tanzania wakisoma hapa wasishangae: huku kwetu Katanga mutu mwenye kutoa feza anasema «ninauza», na mwenye kutoa kitu anasema «ninauzisha». Kwa hiyo ninaandika kununua na kuuzisha, ili tusipotezane.) Hana duka. Anachukua vikwembe kwa bei ya jumla ku soko la Kenya, ile Kenya yetu ya Lubumbashi, anavipiga picha juu ya kitanda, anaweka picha mu WhatsApp na mu Facebook, na anangojea. Bwana yake alikuwa na kazi ku kampuni moja ya kandarasi ya mugodi. Kontra ikakwisha, haikuandikwa tena. Feza ya kuanza biashara ilitoka mu likelemba, ilipofika zamu yake. Basi mukiona picha za vikwembe, mujue kwamba nyuma yake kuko karo ya watoto wane.

Mama wa Kolwezi alikuwa anatayarisha arusi ya mutoto wake mwanamuke. Alitaka vikwembe sita vya namna moja, inifomu ya wamama wa jamaa. Rafiki akamutumia picha. Wakapatana dola 25 kwa kila kikwembe, ni kusema dola 150, na juu yake feza ya usafiri. Akalipa yote kwa M-Pesa siku ya Jumatatu. Siku ya Jumanne kolisi ikapakizwa mu bisi. Arusi ilikuwa Siku ya Posho, na siku ya Alhamisi akafungua katoni: vikwembe vine.

Musomaji, ninyi munajua arusi zetu. Mu picha za arusi ile, wamama wane wamevaa namna moja, na wawili wamesimama pembeni na nguo zao za kila siku. Hao wawili walikuwa mashangazi wa upande wa bwana yake. Nani atawaeleza mashangazi wa upande wa bwana habari ya kolisi? Walisema kwamba walisahauliwa kwa makusudi, na neno lile halijaisha mpaka leo mu jamaa ile.

Usiku wa Alhamisi ile mama wa Kolwezi alipiga telefone. Mama wa Lubumbashi akajibu: «Miye nilifunga sita. Uliza ba ajansi.» Ajansi ya usafiri ikajibu: «Sisi tulipokea katoni moja, tukatoa katoni moja.» Kisha akamuuliza motari, kijana wa pikipiki mwenye alikwenda kuchukua kolisi ku ajansi, maana yeye mwenyewe alikuwa na shuruli za arusi. Kijana akakasirika: «Mama, miye nilibeba katoni, sikubeba bikwembe!»

Kila mutu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa sawa. Lakini vikwembe viwili havikuwako.

Kisha arusi, hasira ikazidi. Mama wa Kolwezi akachukua picha ya yule mwenye kuuzisha, akaandika juu yake neno MWIZI kwa herufi kubwa, akaituma mu magrupu matatu ya WhatsApp. Moja ya magrupu yale ilikuwa ya wamama wa makanisa. Kwa saa chache picha ikafika Likasi, ikafika Lubumbashi, ikafika mu telefone ya mutoto wa yule mama, ku masomo. Ni hapo mimi nikaitwa.

Sasa niungame kosa langu mwenyewe. Muchungaji mwenzangu wa Kolwezi alinipigia, akanieleza habari ya arusi na mashangazi, na moyo wangu ukaenda upande wa mwenye arusi. Bila kusikia mwengine, nikamuita mama wa kanisa langu na kumuambia: «Mama, rudisha dola 50, amani ipatikane, mambo ikwishe.» Nilifikiri ni hekima. Alinitazama muda murefu. Halafu akasema: «Pasta, nikirudisha bile makuta leo, kesho batasema nilirudisha juu niliiba.»

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Nilikuwa ninataka kununua amani kwa feza yake na kwa jina lake, na mimi sikutoa kitu.

Tukaanza upya. Siku ya Mungu kisha ibada, saa nane, tukaweka telefone mbili juu ya meza, moja ku Lubumbashi na moja ku Kolwezi, sauti wazi, wachungaji wawili na wamama wawili. Sheria ilikuwa moja tu: kila mumoja anaeleza kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mwengine hakate. Si kazi nyepesi! Mara tatu tulilazimika kusema: «Mama, ngojea zamu yako.» Mimi nilichukua kartasi na kuandika safari ya katoni: ilitoka mukono gani, ikaingia mukono gani, na nani anaweza kuonyesha nini.

Kartasi ile ilitufundisha mengi. Ya kwanza: mama wa Lubumbashi alikuwa na picha ya vikwembe sita juu ya kitanda, asubuhi ya Jumanne. Picha nzuri. Lakini inaonyesha vikwembe juu ya kitanda, haionyeshi vikwembe ndani ya katoni. Ya pili: hakupeleka katoni yeye mwenyewe, alituma kijana wa jirani. Ya tatu: bordero ya ajansi iliandikwa «kolisi 1, nguo». Hesabu ya vikwembe haikuandikwa, samani yake haikuandikwa, na nafasi ya kilo ilikuwa tupu. Nafasi ile tupu iliniuma sana. Kama mutu angepima ile katoni Lubumbashi, na mwengine akaipima Kolwezi, mizani ingesema bila kuogopa mutu. Vikwembe viwili si manyoya ya kuku, vina uzito.

Ya ine ilitoka kwa mama wa Kolwezi. Alikuwa amepiga picha ya katoni mbele ya kuifungua. Mama wa Lubumbashi alipoona picha ile akapaza sauti: yeye anafunga na skochi nyeupe, na hapa juu ya skochi nyeupe kuko skochi nyingine ya kahawia! Sisi wote tukafikiri tumemupata mwizi. Muchungaji mwenzangu akaenda ku ajansi kesho yake. Wakamujibu kwa upole kwamba katoni ikipasuka njiani wanaikaza tena kwa skochi ya kahawia, na hawaandike popote. Basi ilipasuka wapi? Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120, mpaka Kolwezi karibu 300, na malori ya shaba na kobalti yanakwenda na kurudi usiku na muchana. Kolisi zinapakizwa, zinashushwa, zinapakizwa tena. Nyuma ya bordero, kwa Kifaransa cha herufi ndogo kama chungu, kuliandikwa kwamba ajansi haijibu juu ya vitu vyenye havikutajwa. Nani anasomaka nyuma ya bordero?

Mpaka leo hatujui vikwembe vile vilikwenda wapi. Ninasema wazi, maana kuko wasomaji wenye wanangojea mwisho wa habari kama mu filme, mwizi akamatwe. Hakukamatwa mutu.

Nilimuuliza ndugu mumoja avoka, ili nisiseme mambo ya sheria kutoka kichwani. Alinieleza hivi. Mu inchi yetu, sheria ya mapatano ni ya zamani sana, ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888, na ingali inatumika. Kufuatana nayo, watu wawili wakipatana juu ya kitu na juu ya bei, uuzishaji umekwisha kufanyika, hata kama kitu hakijatolewa. Na mwenye kuuzisha ana kazi mbili kubwa: kumufikishia mununuzi kitu chenye walipatana, na kujibu juu ya kitu kile. Tena mapatano ni sheria kwa wale wenye kuyafanya. Hapo ndipo avoka aliniuliza: «Pasta, walipatana nini juu ya njia? Kolisi ikipotelea njiani, hasara ni ya nani?» Nikasoma mazungumzo yao yote ya WhatsApp, kutoka salamu ya kwanza. Walizungumza rangi. Walizungumza bei, tena sana. Walizungumza hata afya ya watoto. Juu ya njia, hakuna hata neno moja.

Akaniambia tena kwamba kati ya wafanyabiashara wawili, sheria ya OHADA, yenye inchi yetu iliingia mwaka 2012, inaweka hatari ya njia juu ya mununuzi tangu muzigo unapotolewa mukononi mwa musafirishaji wa kwanza, kama hawakupatana namna nyingine. Lakini mama wa arusi hakununua ili auzishe. Alinunua ili avalishe jamaa. Kwa hiyo ile haikumuhusu.

Na zile meseji za telefone, zina nguvu mbele ya hakimu? Wengi wanafikiri hapana, maana hazina kashe wala sahihi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Kode ya mambo ya dijitali, na inakubali maandiko ya elektroniki kuwa ushuhuda kama yale ya kartasi, ikiwa mwenye kuyaandika anajulikana na hayakubadilishwa. Basi musifute mazungumzo ya biashara juu telefone imejaa. Futeni nyimbo kwanza.

Lakini kupeleka dola 50 ku tribinali ya amani, ni hesabu gani? Utalipa taksi, utalipa makartasi, utapoteza siku za kazi, na mwenyewe umushitaki anakaa muji mwengine. Avoka mwenyewe alicheka. Jambo moja tu ndilo hakulichekea: ile picha. Kumutangazia mutu mbele ya watu jambo lenye kuharibu heshima yake, ni kosa mu sheria yetu ya azabu, na kifungo chake kinaanzia siku 8 kufikia mwaka 1. Mama wa Kolwezi alijiona ndiye mwenye kudai, kumbe mbele ya sheria yeye ndiye alikuwa karibu na gereza. Aliposikia neno lile ku telefone, tulisikia kimya kirefu. Na kweli, Bwana Yesu alipofundisha ndugu wenye kukoseana (mu Matayo 18), aliweka watu wawili peke yao kwanza, kisha mashahidi mumoja ao wawili, na mukutano nyuma kabisa. WhatsApp imegeuza mustari ule: tunaanza na mukutano.

Wamama wenyewe ndio walikata neno, si sisi. Hasara ya dola 50 wakaigawanya: mama wa Lubumbashi arudishe dola 25, na zile 25 zingine zibaki juu ya mama wa Kolwezi. Sababu yao ninaipenda, maana ilikuwa ya kweli. Mumoja alisema: «Sikupimisha, sikuandikisha hesabu, nilituma mutoto.» Mwengine akasema: «Nilituma motari, sikufungua kule ku gishe mbele yao.» Dola 25 zikatumwa kwa M-Pesa palepale, na feza ya kutosha juu yake, ili zifike nzima.

Neno la picha lilikuwa gumu kupita neno la feza. Mama wa Kolwezi alikubali kuomba musamaha, na jioni akaweka musamaha ule ku statu yake. Mama wa Lubumbashi akanipigia na hasira mupya: «Pasta, mwizi alinitangaza mu magrupu, musamaha anaweka ku statu, yenye kufa kisha saa 24?» Alikuwa na haki tena! Siku mbili zikapita mu mazungumzo. Mwishowe musamaha ukaandikwa mu magrupu yaleyale matatu, na jina, na maneno haya: kwamba alisema mutu ni mwizi bila kujua. Ninajua ilimugharimu kupita dola 25.

Sasa, nisiwadanganye kwamba hatari iko upande mumoja tu. Kuko pia wanunuzi wenye kupokea kitu na kusema «sikupata». Kijana mumoja wa Likasi, mwenye kuuzisha telefone, alitoa telefone juu alionyeshwa meseji ya M-Pesa. Meseji ilikuwa imeandikwa na mutu tu, ku namba ya kawaida, ikafanana na ile ya kweli. Hakutazama feza iliyo mu konti yake. Meseji si feza. Fungua konti, ona hesabu, ndipo utoe kitu, hata kama mununuzi ana mbio, hata kama amevaa kravati. Na tena, tazama kama ameingiza mu konti ya dola ao mu konti ya falanga, maana kuko wenye kupatana dola na kutuma falanga kwa kiwango cha kichwa chao.

Wazee wetu wa miji ya Gécamines hawakujua mateso haya. Nilipokuwa mutoto, baba alikwenda na mufuko siku ya posho, unga ukapimwa mbele ya macho yake, akaubeba kichwani, na kama ulipunguka alipiga kelele palepale. Macho, mizani na kelele, vyote vilikuwa pahali pamoja. Leo macho yako Kolwezi, mizani iko Lubumbashi, na kelele iko mu WhatsApp. Si kwamba watu wamekuwa wabaya kupita wazee. Kitu kinapita mikono mingi, na mikono ile haijuane.

Mama wa Lubumbashi angali anauzisha, lakini amebadilisha kazi yake. Mbele ya kupokea feza anaandika meseji moja ndefu, na hafungi katoni mpaka mununuzi ajibu «nimekubali»: vikwembe ngapi, rangi gani, bei gani, usafiri juu ya nani, na kikipotea njiani hasara ya nani. Wanunuzi wengine wanamuona musumbufu. Aliniambia wawili walimuacha juu ya meseji ile, na mumoja akarudia. Kama hamujue mununuzi, wanapatana nusu mbele ya safari na nusu nyingine wakati kolisi imefika; hapo kila mumoja ana nusu ya woga. Mutoto wake anashika telefone na kupiga filme wakati anahesabu na kufunga, bila kukata, mpaka skochi ya mwisho. Juu ya skochi anaandika jina lake kwa marker, maandiko yapite kutoka skochi mpaka ku katoni, ili mutu akifungua, maandiko yavunjike. Anapeleka mwenyewe ku ajansi, anaomba kilo iandikwe mu bordero, na hesabu, na samani. Karani wa gishe alimuambia siku ya kwanza: «Mama, haina lazima.» Akajibu: «Kwangu iko lazima,» na akabaki pale amesimama.

Bordero anaipiga picha na kumutumia mununuzi mbele bisi haijatoka, pamoja na neno hili: fungua kule ku gishe, na kama kitu kinapunguka, waandike palepale juu ya bordero na kashe yao, kisha unipigie siku ileile. Maana malalamiko ya siku ileile yana miguu. Ya wiki mbili kisha yanatambaa.

Nyinyi wasomaji wenye kufanya kazi mu maajansi, nina neno kwenu pia. Katoni ikipasuka, andikeni tu: «Imepasuka Likasi, tumeifunga tena.» Maneno mane. Yangeokoa jina la mama mumoja, na labda jina lenu.

Mu mwezi wa kumi wa mwaka ule, mama wa Kolwezi alituma oda mupya. Ndiyo, kwa mama yuleyule! Vikwembe viwili tu, vya namna ile ya arusi, kwa ajili ya mashangazi. Mama wa Lubumbashi alizunguka soko la Kenya siku mbili juu namna ile ilikuwa inakwisha. Kisha siku ine nikapokea filme fupi ku telefone yangu. Ni gishe ya ajansi, Kolwezi. Katoni ndogo iko juu ya mizani, karani anasoma kilo kwa sauti, mama anakata skochi na funguo ya nyumba. Nyuma yake mustari wa watu unanungunika, mutu anasema: «Mama, fanya mbio, tuko na kazi!» Yeye hageuke. Anatosha cha kwanza, anakifungua chote, anakitazama kama mutu mwenye kusoma Biblia. «Moya.» Pembeni yake amesimama kijana wa pikipiki, yuleyule, mikono nyuma, mbali kabisa na katoni, na ndiye anasema kwa sauti kubwa kupita wote: «Mbili! Mama, miye nimeona, ni bili!»